Shangazi, wanafunzi wangu fomula wanaijua ila mwendo wenyewe hawawezi kuuelezea

Shikamoo Shangazi,

Mi ni mwalimu wa fizikia kidato cha pili, shule moja ya kata hapa Tanga mjini. Si mtu wa huku, ni waja leo kama wenyewe mnavyotuita, ajira ndo imenileta, na mji nimeupenda ila hili darasa linanitoa jasho kuliko joto lenu.

Ishu iko hivi. Tumeingia mada ya mwendo kwenye mstari mnyoofu. Fomula wameishika vizuri sana, mwamshe mtoto usiku wa manane atakwambia spidi ni umbali gawanya kwa muda, mpe namba mbili anagawanya fasta, anaandika jibu, anapiga mistari miwili chini. Sasa juzi nikasema ngoja leo tusipige hesabu. Nikamtoa kijana mmoja nje nikamwambia anzia pale kwenye mwembe, tembea kuelekea getini, katikati simama kidogo, ukifika geti geuka urudi nusu njia unakimbia. Wengine wote wako madirishani wanamwangalia. Alipomaliza nikawaambia haya, andikeni mwendo wake ulikuwaje.

Shangazi, majibu sasa. "Alienda haraka." "Alitembea vizuri." "Alienda akarudi." Mmoja kaandika alisimama kwa sababu alichoka. Mwingine, na huyu ndo wa kwanza darasani, kaandika ile fomula akaacha hapohapo, namuuliza vipi ananijibu mwalimu hujatupa namba. Nikasema labda mfano wa mtu ni mgumu, nikauliza mwendo wa gari je, tunauelezaje? Nikajibiwa gari linatembea kwa sababu lina mafuta.

Grafu ndo usiseme. Nimechora grafu ya umbali na muda, mstari unapanda, unalala, afu unashuka. Hii inatuambia nini? Darasa zima kwa sauti moja: gari limepanda mlima, limefika tambarare, sasa linateremka. Nyuma kuna sauti ikasema hilo ni basi la Lushoto, wakacheka wote na mimi nikaishiwa pozi.

Ile mashine ya kupiga vidoti kwenye utepe wa karatasi ipo maabara ila ilishakufa kabla sijaja. Mwenzangu wa idara ananiambia we unajitesa, wape pepa za nyuma wakariri, mtihani wa taifa wa kidato cha pili ni Novemba. Na shule yetu ni Kiingereza tu, mtoto akiongea Kiswahili ni kesi, kwa hiyo hata wenye la kusema wanakaa kimya. Nifanyeje Shangazi, nami sitaki wafaulu kitu ambacho hawakioni?

Mwalimu Waja Leo, Tanga

*

Marahaba mwanangu, karibu sana Tanga, joto utalizoea tu ila usisubiri lipungue.

Nimecheka hapo kwenye basi la Lushoto, afu nikaacha kucheka maana huyo mtoto kakuonyesha tatizo lilipo, nitarudi kwake. Kwanza nikutoe wasiwasi, watoto wako si wazito. Mtoto wa Ngamiani ukimuuliza nyumba ya fulani hakwambii "ni mbali kidogo" akakuacha njiani. Atakwambia anzia hapo msikitini, ifate hii barabara kama unaenda soko la Mgandini, hesabu nyumba nne, mkono wa kushoto. Yaani kaanzia mahali unapopaona, kakupa upande, kakupa kipimo, na hakufundishwa na mtu. Anasema yote hayo kwa sababu anajua wewe unataka kufika na hujui njia. Darasani kwako hakuna anayetaka kufika popote. Anamuandikia mwalimu ambaye alikuwa dirishani anaangalia kitu kilekile, sasa "alienda haraka" itapungukiwa nini?

Kwa hiyo mtafutie msomaji ambaye hakuona. Hiyo ndo dawa yangu yote, haya mengine ni namna ya kuinywa.

Gawa darasa nusu kwa nusu. Nusu moja iende nyuma ya jengo wasikoweza kuchungulia (watajaribu, weka kiranja). Kijana wako atembee mbele ya nusu iliyobaki, waandike mistari mitatu minne, karatasi ipelekwe kule nyuma, na mmoja wa kule aisome kisha aje kuutembea huo mwendo kama ulivyoandikwa, bila kuuliza mtu kitu. Sasa kama karatasi inasema alienda haraka, huyu wa pili atatokea zake upande wa vyoo mbio kuelekea jikoni, na wale walioandika wataanza kupiga kelele siyooo, sio huko, katokea mwembeni! Haya, mwembe mmeuandika wapi? Warudi waandike upya. Raundi inayofuata mwembe utakuwepo, ila wamesahau kusema alielekea wapi, jamaa ataanzia mwembeni sawasawa aende ukutani. Muda ndo huwa wa mwisho kukumbukwa, mpaka mtu atembee polepole kama bibi harusi huku wenzie wanamzomea. Usiwaandikie ubaoni orodha ya vitu vya kukumbuka hata kama mkono unakuwasha. Waache wazomewe, watajaza wenyewe: kaanzia wapi, kaenda upande gani, umbali gani, kwa muda gani, na wapi kabadilisha.

Huyo wa mafuta na huyo wa "alichoka" usiwakemee, wamejibu swali lingine tu. Wamejibu kwa nini, na wewe umeuliza vipi. Waambie hiyo "kwa nini" itakuja kwenye mada inayofuata, ya sheria za mwendo za Newton. Hata Galileo, yule mwanasayansi wa Italia, kwenye kazi yake ya mwendo iliyochapishwa mwaka 1638, kuna mahali anamfanya mmoja wa wazungumzaji wake aseme sababu ya vitu kuongeza kasi vikianguka tuiweke kando kwanza, tuangalie vinaangukaje. Na kwenye mchezo wa karatasi utawathibitishia bila hotuba: mwambie msomaji aigize "alichoka" uone atasimama wapi.

Suala la kuanzia wapi lipe dakika za ziada maana lina mtego. Wengi wao wamevuka mto pale Pangani kwenda Bweni kwa kivuko, au wana ndugu waliovuka. Waulize, mama aliyekaa kwenye benchi la kivuko na kikapu chake miguuni, anakwenda au hakwendi? Watagawanyika na wote watakuwa na haki. Ukipima kutoka kwenye benchi hajahama hata sentimita, ukipima kutoka ukingo wa Pangani anazidi kuondoka. Waache wabishane mpaka mmoja aseme inategemea unapimia wapi, na ukishalisikia hilo neno toka mdomoni mwa mtoto songa mbele, usilirefushe.

Sasa tuje kwenye ile mashine yako iliyokufa. Huihitaji. Kazi yake ni kupiga kidoti kila baada ya muda uleule, basi, na hilo hata vizibo vya soda vinafanya. Vibandani watakupa mfuko mzima bure. Tafuta sehemu ya mchanga, kwenye sakafu vizibo vinabingirika vinakuharibia. Mtoto mmoja apige ndoo kwa mapigo ya sekunde moja moja akiangalia saa ya simu yako, na umgeuze ampe mtembeaji mgongo, maana mpigaji akimuona mwenzie anakimbia na yeye anaharakisha ndoo, hapo umepoteza kila kitu. Mtembeaji kila akisikia pigo anaachia kizibo kisiginoni, bila kusimama. Pigo la kwanza ni wakati anaondoka, na kizibo hicho kiandikwe 0 kwa makapeni, kinachofuata 1, kisha 2. Hiyo sifuri isimamie kidete, kwa sababu vizibo sita vilivyolala chini ni sekunde tano, na mtoto anayehesabu vizibo badala ya nafasi zilizo katikati atakosea kila hesabu mpaka Novemba.

Wakishamaliza walete wale wa nyuma ya jengo wausome mchanga. Vizibo vimeachana mbali, hapa alikuwa anakwenda kasi. Vimekaribiana, hapa taratibu. Vinne vimerundikana sehemu moja, alisimama sekunde tatu. Nafasi zinazidi kupanuka, anaongeza mwendo. Wapime kwa futi kamba, waandike jedwali la namba ya kizibo na umbali kutoka kwenye mwembe. Utashangaa wanavyoongea.

Afu wawekee mtego. Mpe mtembeaji vizibo visivyo na namba, aende, ageuke, arudi njia ileile. Waulize wasomaji: alianzia upande gani? Hawawezi kujua. Aligeukia wapi? Vipi ni vya kwenda na vipi ni vya kurudi? Vimechanganyika vyote kwenye mstari mmoja kama mvua ya mawe. Hapo ndo wanaona wenyewe kwamba kuchora njia peke yake hakutoshi, inabidi muda upewe nafasi yake usigombanie sehemu moja na umbali. Mwanangu hapo hujataja neno grafu bado na wao wameshaanza kuihitaji.

Sasa chukua vizibo vyenye namba vikiwa palepale mchangani. Waambie kila kizibo kisogezwe pembeni kwenda kulia kwa hatua kadiri ya namba yake. Namba 0 kibaki, namba 1 hatua moja kulia, namba 2 hatua mbili, na kuendelea, ila umbali wake kutoka kwenye usawa wa mwembe usiguswe. Wakimaliza wape kamba wapitishe juu ya vizibo. Grafu ndo hiyo imelala uani, wameijenga kwa mikono, na mtembeaji yupo hapo anajua fika kwamba hakupanda mlima wowote, uwanja ni tambarare wote wanauona. Pale aliposimama, vizibo vimejipanga sambamba kwenda kulia maana muda ulikwenda na yeye hakwenda. Alipokimbia kamba imesimama wima zaidi. Aliporudi kamba inarudi chini. Mwite yule wa basi la Lushoto awe wa kwanza kuisoma, aambiwe aonyeshe kwa kidole wapi basi lake limesimama kushusha abiria.

Mlima hautakufa siku moja, usijidanganye. Ni kosa la watoto wa dunia nzima, wanaofundisha fizikia wanalijua miaka mingi, mtu anaiona grafu anadhani ni picha ya barabara. Kwa hiyo kila wiki anza kipindi na grafu moja ndogo ubaoni, mtoto mmoja anatoka mbele anaitembea darasani, wenzie wanamsahihisha, dakika tatu tu mnaendelea na mambo yenu.

Spidi ya wastani na spidi ya wakati ule huwa inawachanganya lakini hapa Tanga una mwalimu msaidizi wa bure, yule trafiki na tochi yake ya kupimia spidi. Basi limetoka stendi ya Kange, limekwenda kilomita 100 kwa saa 2. Wastani 50 kwa saa. Njiani lilipigwa tochi likakutwa na 85 kwenye kibao cha 50. Dereva anajitetea, afande mi wastani wangu ni 50, piga hesabu mwenyewe! Weka watoto wawili waigize hiyo kesi mbele ya darasa, mmoja trafiki mmoja dereva, utapata maelezo ya spidi ambayo hukuyategemea. Na ukiwa hapohapo wageuzie hiyo 50 iwe mita kwa sekunde, inakuja karibu 14. Mita 14 waitembee wapime uani waione kwa macho, kisha uliza bodaboda anayechungulia simu sekunde mbili tu kapita urefu gani bila kuangalia mbele. Mita 28. Darasa litanyamaza kidogo, wanawafahamu hao bodaboda.

Jambo dogo la pembeni, angalia wanavyotoa masaa. Basi limeondoka saa 5:40 limefika saa 7:10, wengi wanaandika 7.10 toa 5.40 wanapata 1.70 na wanaigawanyia umbali kwa moyo mweupe. Ni dakika 90. Hilo si fizikia lakini litakula alama za fizikia.

Kuongeza kasi, tafuta bomba la plastiki la mita 3, fundi bomba alipasue katikati kwa urefu liwe mfereji, upande mmoja liinue kwa tofali, kama sentimita 15 hivi, na gololi moja. Ukiiachia itachukua sekunde 4 na kitu kufika chini, inatosha kwa mtoto wa ndoo kupiga na wengine kuweka alama za chaki pale gololi ilipokuwa kila pigo. Rudieni mara kadhaa mpaka alama zitulie. Pima nafasi kati ya alama na alama, ya kwanza iite moja. Ya pili itakuwa kama tatu, ya tatu kama tano, ya nne kama saba. Haitatoka kamili, mkono wa mtoto si mashine na bomba nalo linakwaruza, lakini utaiona inavyokwenda. Ndivyo alivyofanya Galileo na mfereji wake wa mbao, saa ya sekunde hakuwa nayo, alikuwa anafungulia maji yatiririke kwenye chombo wakati gololi inateremka kisha anayapima uzito, maji yakiwa mengi muda ni mwingi. Waambie hilo siku utakayosikia mtu analalamika shule haina vifaa.

Kuhusu Kiingereza. Sheria ya shule sikutumi ukaivunje, ila ongea na mkuu wako akupe ruhusa ya kipindi cha uani kiwe huru, maana mtoto anayetafuta neno na kutafuta wazo kwa pamoja hukosa vyote viwili. Wazozane mchangani kwa lugha wanayozozania, kisha mkirudi ndani maelezo yaleyale yaandikwe Kiingereza, sentensi fupifupi, kwa sababu mtihani hautawauliza kwa Kiswahili. Ukiona sentensi ya Kiingereza imepoteza upande au muda uliokuwemo kwenye ya Kiswahili mrudishie, hiyo ni kazi ya fizikia pia.

Na huyo mwenzio wa idara usibishane naye, yuko sahihi kwamba Novemba inakuja. Mchezo wa karatasi na vizibo unaingia kwenye dabo moja, yaani vipindi viwili mfululizo, dakika 80, grafu ya mchangani dabo nyingine, na pepa za nyuma utawapa tu baada ya hapo. Mkaribishe aje siku ya vizibo ashike futi kamba.

Jaribio lako linalofuata weka swali hili, usiwape fomula wala neno "tafuta spidi". Mtoto yuko mita 2 mashariki ya mwembe. Anatembea mita 6 kuelekea mashariki kwa sekunde 4, anasimama sekunde 3, kisha anakimbia hadi kwenye mwembe kwa sekunde 2. Chora grafu ya mahali alipo na muda. Kisha wape grafu nyingine ambayo haina maneno, waandike maelezo ambayo mtu asiyeiona ataweza kuyatembea. Kwenye lile la kwanza wengi wataanzisha mstari kwenye sifuri badala ya 2, weka alama ya peke yake kwa hilo. Alama nyingine ni kwa atakayeona kwamba kamba ya kurudi ina mteremko mkali kuliko ya kwenda kupanda, maana alikimbia mita 4 kila sekunde wakati kwenda alikuwa anafanya moja na nusu. Na ukiuliza kaenda jumla ya mita ngapi, ni 14, ila ukiuliza kaishia wapi ukilinganisha na alipoanzia, ni mita 2 tu kuelekea magharibi. Atakayekuletea yote mawili bila kuyachanganya mpe alama zake zote hata kama Kiingereza kimepinda.